Frein ya Régis

Jumapili, 31 Agosti 2025

Nimepiga mutu leo. Na casque, kofia yangu ya pikipiki. Kwa mudomo.

Padri alisema: kama kinywa inakataa kusema, andika, hakuna mutu atasoma. Bon. Naandika. Mi si mutu ya kuandika, nilisoma mpaka darasa ya troisième, basi.

Ilikuwa mambo ya chupa. Kila Jumapili asubuhi, mbele ya misa, siye wenye moto kubwa, pikipiki za zamani, zile za safari ndefu, tunaenda barabara ya kando ya ziwa. Tunasimamisha chupa ya Fanta katikati ya kaburimbo, kwa lami. Unatoka mbali, unafungua gaz, ukifika kwa mustari unakamata frein, breki. Tairi ikisimama karibu na chupa kuliko ya mwenzako, umeshinda. Ukigusa chupa, umepotea. Muchezo ya batoto, na siye tuko na mvi.

Mi niko na BMW, niliipata kwa padri moja muzungu alirudi kwao. Régis iko na Honda ya 82, nzito kama ng'ombe, na masanduku mbili nyuma. Disque zake, zile sahani za chuma frein inakamata, ni za zamani kabisa. Zikilowa, unakamata — hakuna kitu. Unakamata — hakuna kitu. Halafu zinaamuka zote mara moja, unaweza kufa. Ya kwangu ni muzuri kuliko yake, kila mutu anajua. Na kila Jumapili ananishinda! Sababu iko na mukono. Anafinya pole kama anakamua maziwa, halafu anaongeza, anaongeza.

Leo mi nilipita na chupa. Pah! Vipande kila mahali. Régis alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mbele ya batu: Papa Kampire, hiyo BMW uitafutie mutu wa kukimbia mbele na filimbi! Balicheka. Akaongeza: ao uipeleke kwa Mama Kampire, ni mushonaji, aishonee frein.

Sijui nilivua casque saa ngapi. Ilikuwa tayari mukononi. Nilimupiga, akaanguka juu ya vipande ya chupa, nikamufuata pale chini, nikamupiga tena. Jino ilitoka. Na nilisikia raha. Hiyo ndiyo sikusema kwa mutu: nilisikia raha, kama maji baridi kwenye jua.

Nyumbani bibi yangu, Mama Kampire, alipangusa damu kwa casque na kitambaa ya mashine yake. Zamani ilikuwa damu yake. Nilimuahidi, mbele ya padri, mukono yangu haitapanda tena juu ya mutu.

Jumatano, 3 Septemba

Nilienda kuomba Régis musamaha. Alikuwa pale bamotari wa taxi banasimama, mudomo imevimba kama ndizi. Nilimuambia nimekosa. Akanikamata mukono, akacheka, hewa inapiga muluzi pale jino haiko.

— Tumeisha, vieux, muzee wangu.

Halafu akanipiga kofi. Nguvu yote. Masikio ililia.

— Sasa ndio tumeisha kweli!

Balicheka wote, hata mama wa mahindi. Na mi nikasema asante. Asante! Shavu inawaka mpaka sasa.

Ijumaa, 5 Septemba

Mungu wangu. Naandika mbio, ikiwa bado inaniuma.

Régis alikuja kwa mulango mangaribi. Frein yake ya mbele ilivuja, fundi wetu Twahir alishabadilisha joint ya mpira, sasa mafuta haitoshi. Na Twahir iko musikitini, garage imefungwa. Akasema: vieux, si uko na mafuta ya frein? Nipe.

Chupa yangu ilikuwa tupu. Ningesema tu, iko tupu. Neno mbili.

Niliingia ndani. Mama Kampire alikuwa sokoni. Mashine yake ya kushona iko kwa dirisha, na kando yake mafuta ya mashine — nyeupe, safi kama maji. Mafuta ya frein pia iko vile. Twahir alituambia mara na mara: ndani ya frein usitie mafuta ingine, hata tone, caoutchouc, mipira ya ndani, zitavimba kama maharagi kwa maji. Nilijua. Sitasema sikujua.

Nilijaza chupa ya frein na mafuta ya mashine. Nikaifunga. Nikampelekea.

Alijaza mwenyewe, palepale kwetu. Akafungua kavisi, parafujo ndogo ya chini, akasukuma ile ya zamani ikatoka nyeusi, akatia mupya yote. Akaniambia murakoze, asante, vieux, we ni mutu. Mi nilishika taa.

Nilifikiri: Jumapili manette, ile ya kufinya na mukono, itakuwa laini, atapita na chupa mbele ya batu, nami nitacheka. Ni hiyo tu nilitaka. Naapa. Sijui naapia nani.

Jumapili, 7 Septemba

Haikuwa laini! Manette imekuwa fupi na ngumu kama jiwe. Honda yote ile, na masanduku, ilisimama kidole moja mbele ya chupa. Régis aliteremuka akaibusu — chupa! Akapiga kelele: mafuta ya Papa Kampire inapita ya Twahir, yewe!

Balinipigia makofi mi.

Nikaenda kwa padri. Nilisema casque. Nilisema jino. Nilisema raha. Mafuta sikusema. Akanipa sala za kufanya, nikazifanya, nikatoka kama mutu alioga na nguo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilimukuta Régis kwenye essence, anatia petroli. Harufu ya kuungua. Disque ya mbele ilikuwa na rangi ya buluu. Alimwaga maji juu yake — tsssss! — moshi. Mutoto wa station akaruka nyuma.

Akasema inakamata yenyewe kidogo, haiachilie vizuri. Twahir aliiangalia, akapaka graisse, akamuambia ailete Jumatatu afungue yote. Lakini, akasema, Jumamosi tunasindikiza harusi na moto zetu, na aruse hawezi kungoja Jumatatu, sha.

Nilifungua kinywa. Ilikuwa wazi, hewa inaingia. Nikasema:

— Ni plaquettes, zile zinabana disque. Zikiwa mupya zinafanyaka vile.

Mi ndiye nilisema. Plaquettes!

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika vile itatoka.

Harusi ilikuwa Rugerero. Siye wawili na moto zetu mbele, maua kwa guidon, kwa usukani, nyuma jeep ya aruse, bibi-harusi, nyuma voiture, gari zingine. Tunashuka kwenda ziwani kwa picha. Pole pole. Mutelemuko ile ndefu, na kwenda pole ni kukamata frein njia yote.

Moshi ilianza kutoka kwa tairi yake ya mbele. Niliona. Nikanyanyua mukono asimame. Yeye akafikiri nasalimia batu — akanyanyua wake pia! Alikuwa anasalimia, anacheka, pengo ya jino inaonekana.

Halafu tairi ikajifunga.

Honda ilisimama kwa pua. Régis akaruka juu, akaja chini na uso. Moto ikaenda pekee yake, inapiga cheche, mpaka kwa mufereji. Na jeep — dereva alikamata, jeep ikateleza juu ya maua — ikapanda juu ya muguu ya Régis. Nilisikia. Kama muwa unavunjwa kwa goti.

Aruse aliteremuka na robe yake, gauni nyeupe, akamukamata kichwa. Nyeupe ikakuwa nyekundu mpaka kiunoni. Batu balilia Mana we, Mungu wee.

Kaka mukubwa wa Régis, Bizumuremyi, alitoka kwa voiture ya nyuma. Hakulia. Aliuliza kitu moja: nani aligusa hii frein?

Batu balisema: Twahir.

Mi nilikuwa pale. Nilikuwa karibu kuliko wote.

Tukashuka Majengo, kwa garage ya Twahir, voiture mbili. Nilienda nabo. Hakuna mutu aliniita! Twahir alitoka garage anapangusa mikono, akasema karibuni. Bizumuremyi alikuwa na chuma ya béton, nondo. Ya kwanza kwa bega. Ya pili Twahir alikinga na mukono ya kuume, vidole vikaenda kila kimoja njia yake. Akaanguka kati ya tairi za zamani. Halafu balimukanyaga. Na mi nikamukanyaga. Mbavu. Mara mingi. Viatu za harusi.

Nilimukanyaga kwa sababu macho ya batu ilikuwa kwake, na nilitaka ibakie kwake.

Akaniona. Akasema jina yangu, basi. Papa Kampire. Vile unaita mutu anapita barabarani.

Leo hakukuwa raha. Hiyo pia niandike.

Jumanne, 16 Septemba

Hospitali. Régis balimukata muguu chini ya goti. Taya imefungwa na waya, anasema kupitia meno. Alinikamata mukono, nikainama nisikie.

— Mukubwa alinielezea. Ulimupiga muzuri. We ni ndugu yangu.

Nikatoka nje, nikatapika kwa ukuta. Mulinzi akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nasrine, bibi ya Twahir, alikuja kwa Mama Kampire. Mi nilikuwa chumba ya nyuma, mulango wazi kidogo. Nilibakia pale kama mwizi.

Vile alisema: vidole vya Twahir muganga hana hakika. Bizumuremyi ameapa, Twahir akilala mujini Jumapili, atachoma garage na yeye ndani. Twahir amejibu kitu moja tu: fungueni frein mbele ya batu. Muweke tone moja kwa glasi ya maji. Mafuta ya frein inachanganyika na maji, haionekane tena. Ikielea juu, ni mafuta ingine, na mi sikutia. Bizumuremyi amekubali, kesho asubuhi, kwake, Honda iko kwake. Lakini mikono ya kufungua Twahir hana tena.

Mama Kampire akauliza: nani atafungua?

Nasrine akasema: Twahir anataka bwana yako. Mi nilikataa, nilimuambia huyo alikukanyaga! Akanijibu: alinikanyaga, ndiyo, lakini moto anaijua, na batu batamuamini.

Akaenda. Mama Kampire akaingia chumba ya nyuma. Akaweka mbele yangu chupa ya mafuta ya mashine, karibu tupu.

— Hii iliisha mbio. Mashine inalia wiki mbili.

Ni hiyo tu. Halafu akarudi nyuma ya mashine, akasimama kule ngambo, mahali mukono yangu haifike. Miaka mingi hakusimama pale. Macho yangu iliona vile miguu yake inakumbuka njia.

Nikamuambia kaa, sitakufanya kitu. Hakukaa.

Jumamosi, 20 Septemba, asubuhi

Sikulala. Nimefikiria yote.

Mi ndiye mikono. Mikono inaweza kumwaga. Kavisi ikifunguka mbaya, mafuta inakwenda chini kwa vumbi, glasi inabakia maji tupu, nitasema pole, imemwagika. Nani atajua? Ao tone ielee, na niseme: Twahir aliifungua, ni yeye alitia. Régis atasema mafuta ilitoka kwangu — lakini chupa ilikuwa ya frein, aliiona na macho yake. Batamuamini nani? Twahir hana hata sauti, mbavu inamuuma.

Niliandika hii nione inafanana na nini. Inafanana na mi.

Mama Kampire amepika chai. Kikombe yangu ameiweka mwisho wa meza.

Chupa ya mashine iko ndani ya koti, kama kinywa itakubali niionyeshe. Nimefunga zipu. Nimeifungua, nimeitoa. Nimeirudisha kwa koti. Casque nimeitundika kwa musumari — Mama Kampire aliiangalia pale ukutani, halafu akaangalia kichwa yangu.

Klaxon, honi nje. Ni Bizumuremyi, amekuja kunichukua. Anaita kupitia kioo: Papa Kampire, njoo basi, tumumalize huyu fundi!

Namuona kwa dirisha. Chuma iko kwa kiti ya mbele. Anainama, anaisogeza, anapangusa kiti na mukono, nipate mahali ya kukaa.