Sasa Mbuzi Wanakufa Kimya

Baba,

Assalam alaykum huko uliko. Tangu tukuzike, mkoba wako wa dawa za mifugo naubeba mimi, na watu wa Kismayu wameacha kunicheka. Hata yule muuza maziwa aliyesema mwanamke hawezi kumshika beberu sasa ananiita daktari. Ungefurahi, kisha ungejifanya hukusikia.

Lakini nina hofu, Baba, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka kule kisiwani Ngumi, tulipomshona mwanambuzi aliyeng'atwa na mbwa? Ulimchoma kwanza dawa ya kutuliza, tukangoja, ndipo ukamtia ganzi, kidogo kidogo. Ukanieleza kuwa mbuzi mdogo hastahimili ganzi. Ikizidi humpanda kichwani akashikwa na degedege, na ile sindano ya kwanza ndiyo kinga. Mwenye mbuzi alisimama karibu na kisu chake, kama wanavyosimama wote, ili mnyama akianza kutikisika amchinje kabla hajawa mzoga. Ulinishika mkono ukaniambia kwa lahaja yetu ya nyumbani, "Mchu asikudanganye, mchu yeyote. Degedege ina kinga, moyo hauna." Nikadhani unanitisha tu.

Sasa dawa zote mbili zinauzwa sokoni pamoja, na mwenye duka anamwambia kila mtu kwamba ukishatanguliza ya kutuliza, ganzi tia utakavyo. Wamemwamini. Juzi kule Kudha mzee mmoja alimchoma mbuzi wake mwenyewe, akamtia ganzi karibu chupa nzima. Nilimkuta amesimama na kisu, anangoja mguu utikisike. Haukutikisika. Mbuzi alikuwa amelala vizuri sana, na alikuwa amekwisha kufa, moyo umesimama. Mzee alikasirika kwa kukosa nyama. Mimi niliogopa kwa jambo jingine: ile kinga ndiyo iliyoificha dalili aliyokuwa akiingoja.

Habari za dawa hizi zimevuka bahari, ila zimefika nusu. Ngariba wa kisiwa cha Koyama amesikia kwamba zinamfanya mnyama asihisi kitu wala asijitikise. Akanijia, anataka kuwatahiri watoto wa mwaka huu kwa dawa hizo, wasiwaaibishe baba zao kwa kulia mbele ya wageni. Nilimkatalia. Nilimwambia hizi ni za mifugo, na mifugo yenyewe zinaiua. Akacheka, akaenda dukani.

Jana mume wangu alivuka na mwanetu kwenda Koyama. Ndiyo, huyo tuliyempa jina lako. Alisema wanakwenda kumsalimu bibi yake. Asubuhi hii wifi yangu amenipigia simu kunipongeza kwa tohara. Ni leo alasiri, Baba. Nakuandikia hapa ufukweni, mwenye boti anatia mafuta taratibu kama hana safari, na kila nikimpigia mume wangu hapokei. Nina hasira hata mwandiko wangu huutambui.

Nakuaga, Baba. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Nakuahidi sitamwomba mwanamume yeyote ruhusa. Nitaingia penye wanaume wao, nimnyanyue mwanangu mbele ya ngariba na mbele ya baba yake, waseme watakalo. Nikimsikia analia tangu ufukweni, nitasujudu hapo hapo mchangani. Niombee tu nisikute kimya.

Mwanao,
Mwanaisha