Dawa ya Kukomesha Nguruwe

Mujukuu wangu Kalenga,

Jambo sana. Hapa Kolwezi tuko bazima, na dada yako alizala mutoto mwanaume. Najua unacheka, kambo gani hana hata mvi! Lakini mi njo mudogo wa mwisho wa kambo yako, unieshimu.

Unataka kuanza banguruwe kule Lubudi, na uliuliza kama dawa ya kubakomesha mbio, bakuwe bakubwa upesi, iko muzuri. Jirani yangu tata Ilunga, mutu wa kuchimba shaba, alisikia mu ile dawa muko shaba.

“Shaba? Nilipie kitu chenye nachimba?”

Akatwanga majiwe ya kijani yenye shaba, akachanga na bunga ya banguruwe. Ule nguruwe wa mimba akaharisha mupaka akaanguka.

Muganga wa banyama akamuambia, “Tata, shaba ya dawa banapima kidogo sana. Na hata ile, mingi inatoka na mavi, inabakia mu udongo.”

Pale muke wa tata Ilunga, mama Kapinga, akasimama mbele ya buruweti, ile toroli ya kusukuma, ya mavi yenye ilikuwa inaenda kwa shamba yake ya lengalenga, mboga ya majani. “Nguruwe akikufa, tutatafuta mwingine. Udongo ikikufa, utatwanga ingine na majiwe gani?”

Nguruwe alipona. Mavi, tata Ilunga alienda kuizika mbali, bamama yote banamuangalia.

Banguruwe bangu nabapatia dawa, kwa kipimo ya muganga, na banakomea muzuri. Weye pia tia. Lakini mbele ya kufungula saki ya dawa, ujue mavi itaenda wapi.

Ukule muzuri, usalimie bote kule.

Kambo yako, Mwamba