Harufu ya Jumapili

Ruanda, Mbinga
9 Februari 2004

Mwanangu mpendwa Hilda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto huniambia mapema mvua ikitaka kunyesha, kwa hiyo majirani siku hizi wanakuja kuniuliza mimi badala ya kusikiliza redio. Wewe hujambo? Baridi ya Ujerumani imepungua? Unakula ukashiba?

Mahindi kwenye ngoro, mashimo yetu ya mteremkoni, yamesimama vizuri, maji yameshika. Kahawa ipo, lakini tangu waje wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na bei yake, jirani yetu Tadei amekata tamaa. Amekata mikahawa yake akapanda maharage. Mimi sijakata.

Lililonifanya nishike kalamu ni nguo za mama yako. Bado ziko sandukuni. Desturi unaijua: ikishapita misa ya mwaka, nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake. Misa ilipita Oktoba na mimi nikajifanya nimesahau. Juzi mama yako mdogo Vitalia amepanda kutoka Lipingo, kule ziwani, na ndoo ya dagaa wa usipa, na hata hajatua akaniambia, "Shemeji, hizo nguo unaziatamia kama kuku. Unangoja zitotoe?" Tulicheka, lakini hakuwa anatania.

Sijamwambia sababu, nakwambia wewe. Ni ile harufu. Unakumbuka mama yako hakuwa mtu wa kujipamba, lakini Jumapili hakutoka bila mafuta ya langilangi nyuma ya masikio. Njia ya kanisani ni nyembamba, yeye alitangulia, mimi nikawa nyuma na wewe begani. Nilimfuata kwa pua. Sasa kila nikifungua sanduku naiona imepungua, na nisipofungua siipati. Nguo zikienda, basi na yeye amekwenda.

Nilishuka mjini dukani kwa Bi Adija kununua chupa nyingine. Anasema kaka yake aliyekuwa akimtengenezea kule Pemba amefariki, na siku hizi duka limejaa makopo ya kupuliza kutoka Dubai. Alinipulizia moja, nikapiga chafya mpaka barabarani.

Uliwahi kuniambia huko chuoni mnatengeneza manukato kwa vijidudu. Nilisema ndiyo, ndiyo, lakini sikuelewa. Nieleze tena, taratibu. Vinaweza kutengeneza hii ya mama yako? Ndugu nimewaomba wanisubiri hadi siku ya Marehemu Wote, Novemba. Baada ya hapo sina la kuwaambia.

Ni mimi baba yako,
Mansuetus


1 Machi 2004

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi sijambo na ninakula, ingawa chakula cha huku hakina moshi, kwa hiyo sijui kama nimeshiba.

Unakumbuka mawe ya ufukweni Lipingo, mahali ulipoteleza na suruali yako ya Pasaka na bibi akacheka mpaka akakaa chini? Ule utelezi wa kijani ndio vijidudu wenyewe, au ndugu zao. Ni vidogo hata havionekani kimoja kimoja, lakini vinaishi kama majani ya mkahawa: vinakula mwanga wa jua, maji na hewa, vinajitengenezea chakula. Sisi tunachukua maelekezo ambayo ua hutumia kutengeneza harufu yake, tunayatia ndani ya kijidudu. Basi kinaendelea na maisha yake, ila sehemu ya chakula chake inageuka kuwa manukato. Ni kama mama alivyoolewa mlimani. Aliendelea kupika kama kwao ziwani, akajifunza na pishi la ukweni.

Huwa tunasema faida yake ni hii: mafuta ya maua yanataka vikapu na vikapu vya maua, na kuni nyingi za kuchemshia. Manukato mengine ya viwandani yanatoka kwenye petroli. Vijidudu vyetu vinakaa tu dirishani.

Kuhusu mama, sijui baba. Langilangi si kitu kimoja, ni vitu vingi pamoja. Lakini tunayo mashine inayonusa kuliko mbwa. Nitumie nguo moja, ile aliyoivaa sana Jumapili. Nitakata uzi mdogo tu, mashine itaniambia mna nini, halafu nitaona vijidudu vyangu vinaweza nini.

Mwanao,
Hilda


Ruanda
18 Aprili 2004

Mwanangu Hilda,

Natumaini barua hii itakukuta salama kama ilivyoniacha. Pasaka ilikuwa nzuri, mvua ikatuvumilia mpaka tukatoka kanisani.

Nakutumia kile kitenge cha kahawia chenye ndege. Nilikaa nacho siku kadhaa kabla ya kukubali. Vitalia alikuwepo, nikampa akifungashe na kukishonea gunia, maana mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Nilimwambia kinakwenda Ulaya kwa Hilda, kwa ajili ya masomo. Alifurahi sana. Alikichukua kwa mikono miwili.

Nilipopita posta niliingia kwa Bi Adija nikamweleza habari ya vijidudu, jinsi ulivyonieleza, na pishi la ukweni. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mansuetus, mwanao ana akili. Lakini utelezi wa kwenye mawe ukianza kunukia langilangi, watoto wa kaka yangu wenye miti watauza nini?" Nilifikiria mikahawa ya Tadei. Nikasema nitakuuliza.

Goti halijambo.

Baba yako,
Mansuetus


20 Juni 2004

Shikamoo baba,

Ninatumaini u mzima na uvunaji umeanza vizuri.

Kitenge kimefika. Nilifunga mlango ndipo nikafungua gunia. Baba, kimefuliwa. Kimepigwa pasi, kimekunjwa kwa mistari iliyonyooka kama cha dukani.

Hata hivyo nilikata uzi nikautia kwenye mashine, nikaomba. Mashine imeniambia iliyoyakuta: sabuni ya mche, moshi wa mkaa wa pasi, na kitu cha samaki, nadhani ni vidole vya mama mdogo na usipa wake. Mafuta ya mama hayamo, hata kidogo.

Tafadhali usimgombeze. Ni mama mwenyewe aliyetufundisha kwamba nguo haiendi ugenini chafu. Ningekuwa mimi pia ningefua. Kosa ni langu, sikuandika neno hilo moja, kwamba kisifuliwe.

Usitume nyingine. Harufu ya zilizobaki itafifia njiani. Nitajaribu kwa ninachokumbuka mimi, na kwa langilangi ya dukani ninayoweza kupata huku.

Mwambie Bi Adija swali lake nimelipeleka kwa profesa wangu. Akasema ni swali zuri sana. Maana yake hana jibu. Na mimi sina bado, ila sasa silisahau.

Mwanao,
Hilda


Ruanda
25 Julai 2004

Hilda,

Sijambo.

Ulisema nisimgombeze. Sikumgombeza, nilinyamaza tu, na nadhani ilikuwa mbaya zaidi. Alikuja, akakaa jikoni, akauliza, "Shemeji, nimekukosea nini?" Nikamwambia yote, hata ya sanduku na harufu. Aliacha kugeuza usipa mekoni. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilimfua dada yangu." Alilia, na mimi nikalia, usipa ukaungua.

Kabla ya kushuka aliniambia, "Weka hizo nguo, shemeji. Nitawanyamazisha wenzangu." Yeye aliyekuwa akinisema kwamba naatamia. Sasa hakuna anayenidai nguo, na sanduku limekuwa zito kuliko lilivyokuwa. Vitalia hana kitu cha dada yake hata kimoja. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nimechoka leo, mwanangu. Nitaandika siku nyingine.

Baba


3 Oktoba 2004

Shikamoo baba,

Tangu Julai sijaona mwandiko wako. Nimejiambia ni uvunaji. Nimejiambia ni posta. Kama ni goti, mwombe Tadei akuandikie, hata mistari miwili.

Ndani ya boksi hili kuna kichupa, nimekizungushia pamba. Usiogope, hakina mdudu, vijidudu haviruhusiwi kutoka maabara. Yamo manukato peke yake, yaliyochujwa, na mafuta ya kula ya kuyapunguzia ukali. Vilikaa dirishani kwangu kiangazi chote, kila siku ya jua navisogeza kama mama alivyokuwa akisogeza mkeka wa kahawa. Matone hayo ndiyo mavuno yote.

Nisikudanganye, baba. Ni sehemu moja tu ya langilangi, ile kubwa. Nyingine vijidudu vimekataa kujifunza. Nilipoinusa nilisema, ni yeye. Nikasubiri kidogo, nikanusa tena, haikuwa yeye. Ilikuwa kama mtu mwingine aliyevaa nguo zake, ukimwona kwa mbali.

Fanya nayo utakavyoona. Kama haifai, mwaga, sitahuzunika.

Mwanao anayekungoja,
Hilda


Ruanda
14 Novemba 2004

Mwanangu mpendwa Hilda,

Salamu kwa wingi, na unisamehe kwa kukaa kimya. Mimi ni mzima. Mikahawa imetoa maua wiki hii, mlima wote mweupe, hata mti mmoja wa Tadei ambao shoka liliuruka.

Kichupa kilifika siku tatu kabla ya Marehemu Wote. Nilikifungua peke yangu. Ulisema kweli. Ni harufu ya ua, si ya mtu. Nilikaa nacho, nikaudhika, nikakifunga. Kisha nikafungua sanduku kulinganisha, na hapo nikaona jambo. Sandukuni nako hakukuwa na harufu tena. Nilikuwa nikinusa mbao.

Nikamtumia Vitalia ujumbe kwa basi la ziwani: njoo, na wenzako.

Walikuja, wanawake wa ukoo wao kutoka Lipingo na Ngumbo, tukasali, nikazitoa nguo moja moja mwenyewe. Kabla ya kumpa mtu nilitia tone pindoni. Vitalia akasema, "Shemeji, unatubatiza?" Nikamwambia ni kazi ya Hilda. Yeye nilimpa gauni la bluu lenye kola, lile alilovaa mama yako siku ya kipaimara chako. Alilishika akasema, "Hili silifui." Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Hata hivyo sikusikia kitu siku hiyo, Hilda. Maua tu.

Wakakaa hadi Jumapili ili twende kanisani pamoja kabla ya kushuka kwao. Walizivaa. Walikuwa wamepika asubuhi, moshi umewaingia, usipa mikononi, na kilima kile unakijua, mtu hafiki juu bila jasho. Njia ni ile ile nyembamba. Vitalia alitangulia na gauni la bluu, mimi nyuma yake, polepole kwa ajili ya goti. Tulipofika penye mteremko wa kijito, upepo ukatoka mbele, ukaniletea yote kwa pamoja.

Nilisimama. Aliyekuwa nyuma yangu akanigonga.

Vitalia akageuka, akaniona. Alisema tu, "Twende, shemeji, tutachelewa," kama mama yako alivyokuwa akisema. Nikaenda. Nilimfuata kwa pua mpaka mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo waambie wenzako vijidudu vimefanya kazi yao, sehemu iliyobaki si yao. Na Bi Adija nilimpelekea kichupa anuse. Alifumba macho, akasema, "Hii inahitaji miti bado." Alisema hivyo kwa furaha, ujue.

Sandukuni nimetia mbegu za maharage.

Nadhani una likizo Krismasi. Njoo. Njoo na kile kitenge cha ndege. Mpaka hapo kivae huko huko, kazini, jikoni, kwenye hiyo baridi, ukimbilie nacho basi. Na ukifungasha safari, mwanangu, usikifue.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Mansuetus