Mti wa Miiba wa Kinindo

Bujumbura, Jumapili

Kwa kaka yangu Hamood,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ukiniuliza mimi, ni mzima, isipokuwa jino moja la mbele limeng'oka na sikio la kushoto bado linavuma. Nawe, je? Wifi yangu anaendeleaje na mimba yake? Mvua zimeanza huko Kigoma? Mama angekusalimu, ila hajui kwamba ninakuandikia. Barua hii anakuletea rafiki yako Régis wa bandarini, mkono kwa mkono. Usimsomee mtu.

Najua umekwisha kusikia kwamba nimemtoboa jicho Ami Anouar na kwamba niko ndani. Ulisikia nusu. Acha nikueleze yote.

Unaukumbuka ule mti wa Baba, févier, pale uani Kinindo. Ulipoondoka ulikuwa bado na majani ya rangi ya dhahabu, hauna mwiba hata mmoja, na Baba akiwaonyesha wageni kama anaonyesha bibi harusi. Baada ya kumzika Baba, jua lilikuwa kali mno, na ile sehemu ya juu iliyopandikizwa ikakauka yote. Tukadhani umekufa. Kumbe shina la chini lilikuwa la mti wa porini. Likachipua lenyewe, na machipukizi yakaja na miiba mirefu kama kidole, mitatu mitatu, migumu kama misumari. Nilimshauri Mama tuung'oe. Akaniambia, "Apana, Dalia. Ni muti ule ule wa baba yako. Umekasirika tu."

Basi akaulea. Jioni aliumwagilia maji aliyooshea mchele, akaurundikia samadi iliyotoka Carama, akayakata matawi ya chini kwa mkasi wa bustani ili watoto wa jirani wasichomwe. Kila akimaliza mikono yake ilitoka damu, naye anacheka. Ukarefuka ukapita ukuta. Ukazaa maganda marefu yaliyojipinda, na kivuli chake kikafika barazani.

Hicho kivuli ndicho kilichomuudhi Ami Anouar. Alitaka ua ule ajenge maduka yanayotazama barabara. Alidai parseli, kiwanja chote kile, ilikuwa ya Babu, kwa hiyo na yeye ana fungu. Mama alimkumbusha kwa adabu kwamba yeye na Baba waligawana mbele ya mashahidi, naye akachagua nyumba ya Buyenzi. Ami akajibu kwamba mashahidi wote wamekufa.

Ijumaa ile, wiki mbili zilizopita, baada ya swala, alikuja na wanaume wawili na msumeno wa mashine. Hakupiga hodi. Mama alitoka jikoni, akasimama mbele ya shina, akasema hakuna mtu atakayekata mti huo yeye angali hai. Ami alimshika kwa mtandio, akamvuta, akamtupa chini. Kaka, shemeji yake, mjane wa ndugu yake! Mama alipojaribu kuinuka, akamkanyaga mkono kwa kiatu. Nilisikia mfupa ukilia.

Sikumbuki nilivyovuka ua. Nilimrukia mgongoni, nikamng'ata shingo mpaka nikaonja damu. Alinishika nywele, akanigongesha uso ukutani. Hapo ndipo jino lilipotoka. Akanigongesha tena, akiniita mtoto wa haramu, akimtukana Baba kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wakati huo msumeno ulikuwa unanguruma, na tawi kubwa likaanguka karibu na miguu yetu. Wale wanaume walituona tukivuja damu, na hakuna aliyeuzima msumeno.

Halafu nikasikia Ami anapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa binadamu. Akaniachia. Alikuwa ameushika uso, na damu inapita kati ya vidole. Wale wanaume wakatupa msumeno wakakimbia. Majirani wakaja, polisi wakaja. Ami, akiwa amelala chini, alinyoosha kidole upande wangu akasema, "Ni huyu, nilikuwa nimemushika ni huyu." Nikasema ndiyo, ni mimi.

Sasa sikiliza, Hamood. Sikuwa mimi. Mimi uso wangu ulikuwa ukutani. Nilipogeuka nilimwona Mama amesimama nyuma yake, mkono uliovunjika unaning'inia, na kwa ule mzima ameshika tawi lenye miiba. Alikuwa anaunyanyua mkono ampige mara ya pili. Nilimnyang'anya tawi kabla majirani hawajaingia, ndiyo maana walinikuta nalo.

Mama amefungwa plasta, na kila siku ananiletea chakula hapa kituoni. Kila siku anasema atakwenda kusema ukweli. Nimemwapia kwamba akisema, sitakula tena. Ami ametuma mkewe: tukimwachia ua, atafuta mashtaka. Nimekataa. Avoka, wakili wangu, anasema kwa vile Mama ndiye aliyepigwa kwanza, na jino langu lililong'oka ni ushahidi, jaji anaweza kunionea huruma.

Mimi siogopi jela. Ninachoogopa ni hiki. Juzi nilimuuliza Mama kwa sauti ya chini kama anajuta. Alinimenyea chungwa kwa mkono mmoja, kisha akasema anajutia jicho moja tu: lile lililobaki. Na alisema bila kutetemeka, kama mtu anayetaja bei ya mchele.

Jaji akimsikia hivyo, tumempoteza. Kwa hiyo panda meli inayokuja, umchukue. Mwambie wifi yuko karibu kujifungua na hana mtu wa kumsaidia. Usimwonyeshe kwamba unajua. Akikataa, mbebe.

Nisalimie wifi, na umwombee Baba. Mungu akulinde majini na nchi kavu.

Ni mimi dada yako,
Dalia binti Himid