Mzee Sanguan Alipopoteza Hesabu

Jumapili, 10 Februari

Nimeshinda! Wacha niandike hilo kwanza, mengine baadaye.

Wakwe walikuja kupanga siku. Yaani bwana harusi, Thanin, na baba yake, Mzee Sanguan, mstaafu wa reli, aliyekuwa anaongoza ishara za treni. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka kola inaweza kukata mboga. Siku imepangwa: Jumapili ya tarehe tatu Machi. Tukala, nikaleta keki yangu ya mayai na nazi, ile ya sukari ya mti wa mvumo. Wakasifu. Halafu mzee akauona ubao wa sataranji juu ya kabati. Eti, "Mama Saipin, na wewe unacheza?"

Ninacheza! Soko zima la Phetchaburi linajua.

Kanitoa jasho saa nzima. Mzee anajua, tena sana. Mwishowe mfalme wake kabaki peke yake, mimi nina kete mbili, mashua moja na farasi mmoja. Sasa sheria yetu: anayezidiwa namna hiyo anahesabu hatua zake kwa sauti. Akifika kumi na sita hajanaswa, ni sare. Sare! Na mtu aliyebakiwa na kete moja! Majirani wamejaa mlangoni wanatazama. Kafika kumi na mbili. Tukaongea mawili matatu, hesabu ikampotea. Nikamwambia, "Imekatika, Mzee, anza upya!" Ni sheria. Akacheka, akaanza upya. Hakufika mbali, nikamnasa.

Nikapiga paja: "Treni imeanguka hiyo! Nani alikuwa zamu?" Watu wakavunjika mbavu. Hata mzee mwenyewe.

Binti yangu Saipin hakucheka.

Jumatatu, 11 Februari

Karudi Ratchaburi kazini kwa basi la kwanza. Hakuniaga. Keki niliyomfungia kaiacha mezani. Nimemlea peke yangu tangu baba yake aondoke, sijawahi kumwona akiacha keki.

Mtu mzima hanuni kwa sababu ya mchezo! Atapoa.

Jumatano, 13 Februari

Hakupoa.

Kapiga simu mchana, niko dukani na wateja. Sauti ya chini kabisa. Afadhali angepiga kelele. Kasema: Mama, ulimuuliza makusudi. Nikajifanya sielewi. Nimuulize nini? Kasema: unajua.

Najua. Basi, hapa hanisomi mtu, niandike.

Mzee alipofika kumi na mbili niliona sitawahi. Mashua yangu ilikuwa mbali. Watu wote wale wanatazama, na mimi nitatoka sare na mtu aliyebaki na mfalme tu! Ndipo nikamuuliza, kwa sauti tamu kama naongea na mgonjwa: "Mzee wangu, marehemu mama Thanin aliitwa nani vile?"

Mkono wake ukabaki hewani. Akasema, "Lamyai." Halafu akaanza kusimulia: alivyokuwa akimletea chakula kituoni, alivyoogopa honi ya treni miaka yote thelathini. Alipoinamia ubao tena hakukumbuka alikuwa ngapi. Na mimi nilikuwa nangoja hapo hapo, kama paka.

Tena Saipin alikuwa ameshanionya kabla hawajaja: usimtaje mkewe, hata wanawe hawamtaji mbele yake. Nilijua. Ndiyo maana nilichagua hilo!

Kasema pia: ulinifanyia hivyo hivyo nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nahesabu, nimebakiza mbili nipate sare yangu ya kwanza na wewe, ukaniuliza mbwa wetu alizikwa wapi.

Nilikuwa nimesahau. Nimekaa hapa nakumbuka. Alilia, na mimi nikasogeza mashua.

Sharti lake ni moja. Niende kwa mzee nimwambie kwa mdomo wangu kwa nini nilimuuliza. Sio "samahani kwa mchezo". Kwa nini. La sivyo nisikanyage harusini.

Nimemwambia huwezi kumfukuza mama yako kwa ajili ya sataranji. Kasema: sio sataranji, Mama. Kakata.

Ijumaa, 15 Februari

Nimeunguza trei mbili. Dada yangu Samruai kaja dukani, haniangalii usoni, anachagua keki asizozitaka. Mwishowe kalitoa: Saipin amemwomba yeye akae kwenye kiti cha mama, awe wa kwanza kuwamwagia maharusi maji mikononi.

"Ukakubali?"

"Ningesemaje, Bunruean? Mtoto analia kwenye simu."

Kiti changu! Nimempa keki bure aondoke.

Moyo unaniuma. Sina neno lingine.

Jumanne, 19 Februari

Sikukuu ya Makha. Nimetoka hekaluni nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Sanguan, na sinia: maua, ubani, mishumaa, kama inavyopasa mtu anapokwenda kuomba radhi. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno. Mzee wangu, nilikuuliza ili upoteze hesabu. Maneno sita tu. Mtoto angeweza.

Nikapiga magoti, nikamwinulia sinia. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Mama Saipin! Nyanyuka, nyanyuka. Mimi ndiye nilitakiwa nije kwako."

Nikasema hapana Mzee, nina la kukiri. Akasema ngoja. Akaingia ndani, akarudi na picha. Mwanamke mnene, kofia ya majani, bakuli mkononi, nyuma yake kituo cha treni. Lamyai.

Akasema (nayaandika alivyoyasema): "Mwaka wa tatu huu. Watoto wanadhani nitavunjika. Majirani wakinifikia wanaanza habari za mvua. Mtu wa kwanza kuniuliza jina lake ni wewe. Katikati ya mchezo, tena unashinda! Nikasema, kumbe kuna mtu ana moyo namna hii."

Mimi!

Akasema siku ile aliporudi nyumbani aliitoa hii picha sandukuni. Ameshaitundika, angalia, na msumari mpya. Sasa anawasimulia wanawe wakati wa kula, na wao wanauliza, na Thanin juzi kacheka kusikia mama yake alivyoikimbia honi mpaka akamwaga mchuzi kwenye viatu vya mkuu wa kituo. "Umenirudishia mke wangu mezani," akasema.

Maneno yangu sita sikuyasema.

Nikamwambia keki nitakuletea. Keki! Nikanywa chai, nikaaga, nikasahau hata viatu, akanikimbilia navyo mpaka barabarani, mzee wa watu.

Jumatano, 20 Februari

Simu ya Saipin.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Umemwambia?"

Nikamweleza yote. Picha, msumari, mchuzi. Nikamwambia, mwanangu, nikimwambia nitamnyang'anya. Atashusha ile picha. Niache nife na dhambi yangu lakini mzee abaki na furaha yake.

Nikadhani kaelewa. Halafu kasema: na hili pia umeshinda, Mama.

Nimelia dukani, mbele ya wateja. Mmoja kaniuliza nani amekufa.

Kinachoniumiza ni kwamba sijui kama anasema kweli. Jana nilipokuwa nimepiga magoti pale na mzee ananisifu — aibu ilikuwepo, naapa. Lakini chini ya aibu, mbali kidogo, kulikuwa na mtu anashusha pumzi. Yule yule wa hesabu ya kumi na mbili. Nimeponea! Nilimsikia.

Alhamisi, 21 Februari

Nimejaribu kuandika barua kwa mzee. "Nilikuuliza ili upoteze hesabu." Ikisomwa hivyo ni kama kumtemea Lamyai. Nikaongeza, "lakini nimefurahi kwamba..." Nikachana. Siwezi kufurahia chakula nilichokitia sumu, eti kwa sababu aliyekila kashiba.

Samruai anasema usimwambie, ukweli mwingine ni ukatili. Samruai ana kiti changu, atasema lolote.

Ijumaa, 22 Februari

Mzee Sanguan kapiga simu mwenyewe. Sauti imechangamka kama kijana. Kesho asubuhi anakuja kwangu na Thanin na Saipin, atawapitia stesheni. Saipin kakubali kuja! Nikauliza amesemaje. "Kasema anataka kuwaona mkicheza na baba," akasema mzee, "ni msichana mzuri, anapenda familia."

Maana mzee anataka turudie mchezo. Anakuja na ubao wake wa mti wa msaji. Ananitania: "Safari hii treni haianguki, Mama Saipin! Ukijisahau nakuchapa mbele ya mkwe wangu!" Nikacheka. Nilicheka kweli, Mungu anisamehe, mikono ikaanza kuniwasha kwa hamu ya mchezo.

Nimetenga mayai arobaini ya keki. Nimefagia. Nimepanga mikeka, wangu na wa mzee, na wa Saipin ubavuni. Namjua, hatautazama ubao. Atakuwa ananitazama mimi.

Kabla hajakata simu mzee kashusha sauti. Kaona haya kidogo, mtu wa umri ule. Kasema ana ombi. Thanin na Saipin watakuwepo, na yeye kuanza mwenyewe kusimulia anashindwa, maneno hayaji mpaka aulizwe. Basi kesho, katikati ya mchezo, kama sitajali — nimuulize tena.