Kiti cha Pembeni ya Jeneza

Jumanne, 11 Februari 2025

Leo nimetibu ndege. Nimezoea mashine za barafu, majokofu ya samaki, siku mbaya friji ya soda. Ndege ni mara ya kwanza. Shemeji Shigela, kaka wa mke wangu, alinifuata mwenyewe hapa karakana Nyakato – yeye ambaye akinipita barabarani hupandisha kioo cha gari. Tangu awe meneja wa kampuni ya ndege (ndege yenyewe ni moja, ya viti sita, lakini meneja ni meneja) hajawahi kunywa hata maji yangu. Leo kanywa chai. Vikombe viwili.

Bomba la mafuta linavuja. Ndani ya ndege kunanuka petroli kama kijiwe cha bodaboda. Fundi wao mwenye leseni ameacha kazi. Alitaka spea, wao wakataka subira. Nikasema mpira ninao, ila ni wa mashine ya barafu. Huu ukikaa na petroli unalainika. Shigela akasema ni wa siku mbili tu, mpira wenyewe uko njiani unatoka Nairobi. Tukaenda kwenye banda lao, uwanja wa ndege. Nimekata, nimebana klipu mbili, nimezungusha waya. Hauvuji. Akanipiga bega: hili ni letu wawili, shemeji.

Daftari la matengenezo ya ndege lilikuwa mezani, humo bandani. Limeshasainiwa mpaka mwisho wa Machi.

Jumapili, 2 Machi

Nimepita bandani kwao kuchukua bisibisi yangu. Mpira ni ule ule. Nimeugusa – laini kama sikio.

Nikamwambia Shigela. Akasema ndege imeruka kila siku na haijalalamika. Nikasema ndege hailalamiki. Abiria ndio hulalamika, tena mara moja tu. Hakucheka. Bisibisi sikuipata.

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe, Mzee Masalu, amefariki alfajiri. Buhongwa, kwa mke mdogo, Justa. Miaka mitatu tangu kiharusi kimlaze, Justa amemwogesha, amemlisha uji kwa kijiko, amemgeuza kitandani. Upande wetu, upande wa mke mkubwa, tulikuwa tunapiga simu sikukuu.

Leo tulifika kwa wingi. Tulikwenda watu tisa. Wanne walimbeba marehemu kumpeleka mochwari. Watano walibeba kabati, redio na godoro. Mimi nilikuwa kwenye kabati.

Justa alibaki kwenye mkeka. Mama mkwe akamwambia ahsante kwa kazi, sasa upumzike.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha msiba, nyumbani kwa mama mkwe. Maziko Ijumaa, Ukerewe, kwao marehemu. Shigela akasimama: mwenye kampuni ametoa ndege, bure, imsindikize mzee kwa heshima. Watu wakapiga makofi. Msibani.

Viti vitatu vitang'olewa, jeneza liingie. Ukimtoa rubani vinabaki viwili. Kimoja cha mke wangu Selina, binti wa kwanza. Cha pili changu, mkwe mkubwa. Mama mkwe hapandi ndege hata kwa kamba. Shigela ana kikao cha kazi.

Justa alikuja. Alikaa mlangoni kwenye viatu vya watu. Akauliza polepole: na mimi mjane nasafiri na nini?

"Mjane ni mimi," mama mkwe akasema. "Wewe ulikuwa nesi."

Walicheka. Nami nilicheka kidogo.

Kisha nikasema mimi nitakwenda na meli. Shigela akasema shemeji anaogopa mawingu. Shangazi yao mmoja akasema hapana, anayekataa kukaa karibu na maiti ana jambo na maiti. Kabla chai haijapoa nilikuwa mwoga kwa wanaume na mchawi kwa wanawake.

Shigela ananitazama anatabasamu. Anajua kwa nini sipandi. Anajua pia kwamba siwezi kusema. Nikisema mpira ule ni mbovu, swali la pili ni nani aliuweka. Fundi asiye na leseni, jina Nestory. Butimba kuna chuo cha ualimu na kuna gereza. Chuoni hawatanipokea.

Jumatano, 5 Machi

Selina hakunisemesha usiku kucha. Asubuhi akaanza, na akaanza vizuri: umenivua nguo mbele ya ukoo, baba yangu hakukunyima binti, wewe unamnyima dakika ishirini.

Nikamwambia yote. Mpira, klipu, waya, sikio. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchagua.

"Itaanguka?"

Sijui, nikasema. Labda Ijumaa, labda mwakani, labda isianguke kabisa.

"Shigela anajua?"

Anajua.

"Ndiyo maana ana kikao."

Nikauliza, na baba je, naye tumpakie humo?

"Baba ameshakufa, Baba Princess."

Akamaliza ungo. Akajitanda kanga, akasema anakwenda Buhongwa. Nilidhani anakwenda kuchukua vyombo vilivyobaki.

Alhamisi, 6 Machi

Kiti chake amempa Justa.

Alikwenda mpaka kwenye ule mkeka, akapiga magoti, akamwita mama mdogo. Miaka tisa hajawahi kulitamka. Nimejua kwa sababu Justa mwenyewe amekuja leo mchana msibani, kwa mama mkwe, kushukuru, na viazi vitamu kwenye kikapu, macho yamevimba. Anasema mwanangu Selina amenitoa aibu. Kesho kisiwa kizima kitaniona nashuka na mume wangu.

Mama mkwe alifura. Selina akamwinamia, akamnong'oneza. Haikufika nusu dakika. Mama mkwe akamtazama Justa kuanzia kilemba mpaka kandambili – kisha akasema aletewe kiti. Na chai. Tangu nioe sijaona kikombe cha nyumba ile kikienda mkononi mwa Justa.

"Kula na mkate, mwanangu," akamwambia. "Safari si fupi."

Nilimfuata Justa barabarani. Nikasema mama, kesho njoo nasi melini. Ile ndege si nzima.

Akasimama. "Nani kakutuma?"

Hakuna.

"Juzi nilikuwa nesi. Leo nimepewa kiti, ndege imekuwa mbovu. Kesho kiti kikikaa kitupu mtasema nilimkimbia maiti."

Sivyo, mama.

"Basi wewe fundi wa friji umejuaje ya ndege?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pake. Sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikasema nimesikia.

"Mimi pia nimesikia mengi kwenu," akasema. Akaniachia kikapu, nimpelekee Selina viazi vilivyobaki. Hata kunitukana hakunitukana.

Nimerudi nikawaambia amekataa. Selina akasema basi, umemwambia. Kama mtu anayefunga bomba la maji.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi tuko uwanjani. Mawingu yamekaa juu ya ziwa. Jeneza limeingia kwa taabu. Kile kiti changu wamekijaza: magunia mawili ya mchele, sufuria za kupikia watu, kreti za soda. Rubani, Kapteni Zadok, mtu wa Rorya, anafuta kioo kwa gazeti. Nikamsogelea nikamuuliza, kapteni, husikii harufu ya petroli?

"Ndege, mzee. Ulitaka inuke uvumba?"

Nikasema atazame bomba la kushoto. Akasema yeye hufuata daftari, na daftari limesainiwa. Shigela alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Sikuongeza.

Justa amevaa gauni jeusi jipya, lebo bado iko kwenye mkono. Kiganja juu ya jeneza. Shigela alimfunga mkanda mwenyewe, akasema safari njema, mama mdogo. Wiki hii kila mtu amejifunza neno hilo. Mama mkwe akampa chupa ya maji. Selina akamtoa lebo kwa meno.

Wakasema wataruka mawingu yakipanda. Sisi tukawahi meli.

Saa 4 kasoro. Melini. Nimemkuta Shigela daraja la kwanza, anakula karanga. Kikao kimeahirishwa, anasema. Amenipa karanga. Nimekula. Tumekaa benchi moja: mimi, yeye, Selina, mama mkwe. Wote tunaojua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeko angani, ukoo una akili.

Saa 4:12. Imepita juu yetu. Chini kuliko nilivyotarajia. Sauti sawa, halafu pengo dogo, halafu sauti tena. Labda upepo. Mama mkwe amepunga kanga.

"Wanatutangulia," amesema.

Kutoka hapa ni dakika kumi tu. Ngosha, mdogo wake marehemu, yuko kwenye uwanja wa nyasi kule kisiwani na watu wa kupokea jeneza. Ameahidi atapiga ikishatua.

Saa 4:25. Hajapiga. Shigela amemaliza karanga, sasa anakunja karatasi. Anaikunja mara nne, anaikunjua.

Saa 4:31. Selina ameweka simu mapajani, kioo juu. Nimemuuliza anaomba nini. Amesema usiniulize.

Saa 4:40. Inaita. Ni Ngosha. Shigela anatazama maji. Mama mkwe ameshika kifundo cha kanga. Selina hakupokea. Ameninyooshea mimi simu.

"Pokea wewe, Baba Princess."

Nimemwambia ngoja nimalize mstari huu.