Bi Gulshani Amemwita Mwanawe Yatima

Jumapili, baada ya alasiri. Mvua imekatika sasa hivi, ua umejaa matope, na mimi sina raha.

Wewe utakayeyasoma haya, nakuomba kwa jina la Mungu uyafiche moyoni mwako, neno kwa neno. Usimsomee mumeo. Usimnong'oneze shoga yako anapokusuka. Usiseme hata "nimesikia kwamba". Majina nimeyageuza, isipokuwa la mdogo wangu Athumani, lakini Tanga ni ndogo na mwenye kujua atajua. Nikigundulika nitakosa kazi, na kwetu anayeleta unga ni mimi peke yangu tangu baba apunguzwe kwenye mkonge.

Mama amenimiminia chai, imepoa.

Leo Bi Gulshani amemwita mwanawe yatima. Mtoto mwenyewe akiwa hapo hapo.

Bi Gulshani ni mke wa mwenye duka ninapofanya kazi ya ukarani. Duka liko chini, wao wanakaa juu. Ni Wahindi Waislamu wa hapa hapa; babu yake amezikwa Tanga. Miaka ile ya foleni na uhaba nilikuwa mwanafunzi, na nakumbuka duka lile likiwa na rafu tupu, chumvi na viberiti. Siku hizi, tangu biashara ifunguliwe, limejaa sabuni za rangi na vitambaa mpaka mlangoni, na mimi ndiye ninayeandika kinachoingia na kinachotoka.

Mwanawe wa mwisho, Karimu, ana miaka tisa. Hasemi. Anapenda kitu chochote kinachozunguka, hasa feni. Kwetu yuko mdogo wangu Athumani, wa miaka saba. Yeye anasema, lakini hurudia maneno yako mwenyewe, na ukimshika ghafla hupiga kelele mpaka majirani watoke nje. Mtaani wanawaita mazezeta, au wanasema wana mashetani. Daktari mmoja wa Nairobi alimpa Bi Gulshani jina la Kizungu la hali hiyo, akamfundisha pia namna ya kuishi na mtoto wa aina hiyo. Jina hakurudi nalo. Mafunzo alirudi nayo.

Nilikuja kuyajua siku niliyofika kazini na mikwaruzo ya kucha za Athumani usoni.

"Mwana, paka huyo ana miguu miwili?" akaniuliza; Mwana ndivyo aniitavyo.

Nilitaka kudanganya, nikalia. Akanishika mkono, akanipandisha juu, akanionyesha Karimu. Sikuwahi kujua kama yupo.

Pale ndipo ningepaswa kujiuliza. Nimefanya kazi chini ya dari la mtoto yule, nisijue kama yupo.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa akitufundisha, sisi tunaolea watoto hawa. Tulianza wawili, tukafika chumba kujaa. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kwa kuwa nimesoma na nina subira. Alitufundisha kusema jambo moja kwa wakati, kisha kunyamaza na kungoja. Kuanzia miguuni unapomwogesha, si kichwani. Kumpeleka mtoto sokoni kwanza kukiwa hakuna watu, alijue kabla ya zogo. Kumpa komwe za bao mkononi anapongoja zamu, ahamishe moja moja. Zikiisha, zamu imefika. Athumani sasa anangoja kwenye mashine ya kusaga bila kujipiga kichwa. Hilo ni la kweli, nimeliona kwa macho yangu.

Na tulikuwa tunaigiza. Bi Mwajuma, bibi mmoja anayelea mjukuu wake, ndiye aliyekuwa akiwaigiza watu wabaya, maana ana ulimi. Siku moja akawa muuza samaki, mimi nikawa mnunuzi na Athumani ubavuni.

"We mtoto, huamkii? Umemeza kufuli?"

"Anakuamkia kwa mkono kifuani, bibi," nikajibu, kama tulivyofundishwa.

"Mkono kifuani? Ana kiungulia?"

Chumba kikaangua kicheko. Athumani akadaka, "Ana kiungulia, ana kiungulia," mpaka Bi Gulshani akafuta machozi kwa mtandio.

"Haya, Bi Mwajuma," akasema, "muulize lile kubwa."

"Huyu wa nani huyu?"

Nikatazama chini. Sijui kwa nini. Bi Gulshani akasimamisha mchezo.

"Umeinama, Mwana. Mtoto anakusoma shingo. Ukiinama anajua yeye ni aibu. Sema 'wangu' kwanza, mengine baadaye."

Tulirudia mpaka nikaweza.

Nikaweza kweli, nikaenda kulitumia. Mwezi wa Shaabani walikuja wageni kwetu kunitazama, watu wa Mkwaja. Kijana wao anafanya kazi bandarini na nilikuwa nimempenda. Mama alitaka Athumani apelekwe kwa jirani siku hiyo. Nilikataa. Mama wa kijana alipouliza, nilinyanyua shingo nikasema, "Ni mdogo wangu, tumbo moja." Akamaliza kahawa yake taratibu. Baada ya juma moja mshenga akaja kusema wameona bora wangoje kidogo.

Wanangoja mpaka leo.

Mama aliniambia, "Umejifunza kusema wangu, haya, kaa naye." Bi Gulshani yeye alinikumbatia dukani mbele ya wateja. "Waliomkimbia mtoto wamekuonyesha mlango wao mapema," akasema. "Mshukuru Mungu." Nikamshukuru. Nilikwenda nyumbani nimekonda moyo lakini nimesimama wima, kwa sababu yupo mtu mmoja mjini aliyeniona nimefanya sawa.

Leo walikuja wageni kwake. Binti yake Rehana anaposwa na watu wa Mombasa, wa jamaa zao. Niliitwa kusaidia kuandaa, ingawa Jumapili si siku yangu ya kazi. Nilipofika nilimkuta Karimu chumba cha nyuma na feni yake ya mezani, mlango umerudishwa. Nikadhani anapumzishwa na kelele mpaka wageni wazoeane. Ndivyo tulivyofundishwa.

Tulikuwa tumeondoa sahani za pilau, halua haijatolewa, umeme ukakatika kama kawaida yake. Nikasikia miguu ukumbini. Karimu akaingia sebuleni, akalala chali katikati ya zulia, chini ya feni ya darini, akawa anazungusha kidole akiingoja iwake.

Mama wa bwana harusi akatabasamu. Hakuwa na ubaya, nasema ukweli.

"Na huyu wa nani?"

Nilikuwa nimeshika sinia ya gilasi. Nakiri, nilisimama nitazame. Nilisema moyoni, sasa nitamwona mwalimu mwenyewe akifanya.

"Wa jirani," akasema Bi Gulshani. "Wazazi wake wamekufa, maskini. Karani wetu huyu ndiye anayemlea."

Wote wakanigeukia.

"Mungu atakulipa, binti," yule mama akaniambia.

Nikajibu, "Amin."

Karimu akainuka. Alimwendea mama yake akamgusa bangili, moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo shikamoo yake; Bi Gulshani mwenyewe alimfunza kwa muda mrefu, na alitusimulia alivyolia siku ya kwanza alipoipata.

"Lo, yatima huyu amekuzoea," mgeni akasema.

"Watoto hawa humwendea yeyote," akajibu, akauvuta mkono wake. "Mwana, mchukue mtoto wako."

Si kweli kwamba humwendea yeyote. Mimi nimekuwa naye muda wote huu, hajanigusa hata kidole. Rehana alikuwa akitazama hina yake. Nilimtoa Karimu kwa kumzungushia kifuniko cha sufuria sakafuni, kifuniko mbele, yeye nyuma, mpaka stoo. Tukakaa huko. Sijui ameelewa nini. Watu husema hawaelewi kitu, lakini Bi Gulshani ndiye aliyetufundisha kwamba wanaelewa.

Wageni walipoondoka akaja stoo, akafunga mlango.

"Usinitazame hivyo, mwanangu. Wamekuja wachumba wawili kabla ya hawa. Wamemwona Karimu, wameondoka. Rehana hanisemeshi. Mimi ni mama wa wawili, nimfungie mmoja njia kwa ajili ya mwingine?"

Nilikiokota kile kifuniko cha sufuria, nikampa Karimu.

"Umchukue kwenu Pongwe mpaka harusi ipite. Chakula chake nitaleta mie. Baada ya harusi tutaona."

"Na nikishindwa, bi?"

"Yupo mwangalizi wa shamba letu la minazi, Mwera. Ana nafasi."

"Anamjua Karimu?"

"Atamzoea."

"Na kina mama wa Jumamosi?"

"Tutapumzika kidogo. Na weye huna haja ya kuwaambia kitu." Akaniweka nywele sawa chini ya mtandio, kama anavyofanya siku zote. "Bwana anasema biashara imebadilika, anataka kupunguza mtu mmoja dukani. Mie ndiye ninayemzuia."

Alilisema kwa sauti ile ile ya mapenzi. Anataka jibu kesho nikienda kufungua duka.

Nimekaa hapa ukumbini naitafuta hasira siipati vizuri, napata baridi tu. Kuogopa nakujua; mimi mwenyewe naogopa kila kitu, mpaka kengele ya duka. Asingekuwa ametufundisha lolote ningemwonea huruma na kumsaidia kuficha. Lakini alinisimamisha mbele ya watu wote akanirudisha shingo juu, akaniacha niende nikapoteze nilichopoteza, akanipongeza. Na muda wote huo alijua kuwa lake likifika atainama.

Au hakujua? Labda alidhani ataweza. Labda hata leo asubuhi alidhani ataweza.

Sitaki kumwelewa leo. Nitamwelewa siku nyingine.

Nimemwambia mama. Nilidhani atanicheka, maana alinionya kuhusu watu wa ghorofani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mtoto wa mtu si mbuzi wa kupelekwa Mwera," akasema. "Mlete. Atalala na Athumani."

"Na majirani wakiuliza?"

"Wewe si ndiye uliyefundishwa majibu? Mimi kuapa uongo siwezi, nina sukari."

Sukari na uongo sijui vinahusiana nini, lakini nilicheka, mara ya kwanza leo.

Basi nimeamua, na naliandika hapa ili nisije nikaligeuza usiku. Kesho nitamwambia hivi: Karimu aje kwetu, nitamtunza kama Athumani. Lakini atakayeniuliza mtoto huyu wa nani, awe jirani, awe mgeni wa Mombasa, nitamjibu ni wa Bi Gulshani wa dukani, na mama yake yu hai. Jumamosi nitawaambia kina mama kilichotokea, mimi mwenyewe, kabla hawajakisikia kisimani. Hawakumpa siri za nyumba zao ili wafundishwe kusema "wangu" na mtu asiyelisema.

Nimelifanyia mazoezi hapa ukumbini, kwa sauti, shingo juu. Athumani amelidaka. Sasa anazunguka ua akisema, "Mama yake yu hai, mama yake yu hai," na baba ameuliza nani alikuwa amekufa.

Inawezekana kesho jioni nisiwe na kazi. Makarani kama mimi mjini wako wengi, na wengine wamesoma kunishinda. Inawezekana vilevile akakasirika, akampeleka Karimu Mwera kwa kunikomoa, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kazi. Ikiwa hivyo, Mwera si mbali sana. Nitakwenda nimjue huyo mwangalizi, nimfundishe kusema jambo moja na kungoja. Hata kwa kumfuata minazini.

Sina mwalimu tena. Mafunzo ninayo.

Siri niliyokuomba mwanzo itunze mpaka niiseme mwenyewe; Jumamosi tutakutana hapa kwetu, baada ya adhuhuri. Kama una mtoto kama wetu na unataka kunipata, fanya hivi. Njoo mpaka Pongwe, ushuke penye mashine ya kusaga. Usiulize karani, hawanijui kwa kazi. Ulizia kwa Mama Athumani, yule mwenye mtoto wa kelele, hata watoto wadogo watakuonyesha. Ukifika usipige hodi kwa nguvu. Upande wa kisima ua wa makuti una nafasi, pita hapo polepole, tutakuona. Mtoto akigoma kuingia, kaeni nje msimvute. Tutawaletea uji huko huko, na bibi mmoja mwenye ulimi atakuja kukaa nanyi. Ukipenda kujifunika uso njiani, jifunike, hakuna atakayekuuliza jina.

Lakini usije peke yako ukasema umemwacha kwa jirani. Njoo naye.